Wiki Moja kwa Ukoo Mmoja: Mwongozo Kamili kwa Wenzi Wastaafu Wanaohudumu Kwenye Historia ya Familia

Wenzi wengi wanaojitolea kuandika historia za familia hukwama mahali pamoja. Wamehoji wazee, wamejaza daftari, wameingiza majina kwenye FamilySearch, tovuti na programu ya kujengea mti wa familia, na bado mti haueleweki. Ukiufungua unakuta watoto wa mama watatu wamerundikwa chini ya mama mmoja. Au mtu mmoja kaingizwa mara mbili, huku akiitwa Baba Rehema, kule Athumani. Au wenzi wamemaliza muda wao na kuondoka, kijana wa familia akafungua akaunti yake na kukuta hata jina la babu yake halimo.

Kuhoji wengi wanakujua. Kinachowaangusha ni mpangilio wa wiki. Wanahoji siku nne mfululizo, nyumba mbili kwa siku, halafu wanakaa kuandika mwisho wa mwezi, wakati kina Salehe wa nyumba tatu tofauti wameshakuwa mtu mmoja kichwani. Mwongozo huu unaipanga wiki upya: ukoo mmoja, siku moja ya kuhoji, na siku zinazobaki ni za kuandika, kuingiza, kuhakiki na kurudi kusoma mlichoandika mbele ya wenyewe.

Nimewalenga kwanza wanandoa walioitwa kuwa wamisionari waandamizi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wanaohudumu kati ya miezi 6 na 23 kwa gharama zao wenyewe. Lakini hata kama ninyi ni wastaafu wa dini nyingine, au hamna dini, na mnataka tu kuandika ukoo wenu, hatua ni hizihizi. Akaunti ya FamilySearch ni bure kwa kila mtu. Mifano yangu ni ya Tanzania na Kenya.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kaunta buku moja kwa kila ukoo. Msichanganye koo mbili kwenye daftari moja hata kama kurasa zimebaki.
- Kalamu za rangi mbili: moja ya yale mliyoambiwa, nyingine ya makadirio yenu. Mkitumia rangi moja, baada ya mwezi hamtajua mwaka upi aliusema mzee na upi mliukisia wenyewe.
- Karatasi za manila mbili au tatu, penseli na raba.
- Simu yenye programu ya kurekodi sauti, nafasi ya kutosha na chaji kamili, pamoja na pawabenki.
- Simu ya pili au kompyuta ya kuhifadhia nakala.
- Kalenda ya matukio (nitaieleza kwenye hatua ya 2).
- Zawadi ndogo ya nyumbani: sukari, majani ya chai, sabuni. Kamwe msilipe pesa kwa kila jina. Mkishaweka bei, majina yataongezeka.
- Dawa zenu. Wenye presha na kisukari wapange mahojiano baada ya mlo, si kabla. Hilo nalo ni sehemu ya kazi.

## Gawaneni kazi kabla ya kutoka nyumbani

Faida ya kuwa wawili ni kwamba mmoja anauliza na mwingine anaandika. Anayeuliza hashiki kalamu. Anamtazama mzee usoni. Anayeandika haulizi mpaka mwishoni, ila anaweka alama ya swali pembeni kila asipoelewa.

Msigawane kwa mazoea kwamba baba aulize na mama aandike. Wanaume wazee wengi watawapandisha kwa upande wa baba vizazi sita au saba bila kupumua, lakini ukiuliza mama wa huyo aliitwa nani, kimya. Majina ya wanawake, watoto waliokufa wachanga na ndoa ya kwanza iliyovunjika, hayo yanakaa kwa bibi, shangazi na mama wakubwa. Na bibi hatayasema barazani mbele ya wakwe zake. Atayasema jikoni au uani, kwa mwanamke mwenzake. Kwa hiyo baada ya kikao cha wote, mke abaki na kina bibi peke yao walau saa moja. Mimi saa hiyo naithamini kuliko kikao kizima cha barazani.

Kama mmoja wenu hasikii vizuri, akae upande wa mzee na ashughulikie kurekodi. Siku za mahojiano hazina nafasi ya heshima za kificho.

## Hatua ya 1 (Jumatatu): Mpateni kijana wa familia na akaunti yake

Kabla ya mzee, mtafuteni mjukuu au mtoto wa familia mwenye simu janja na nia. Huyo ndiye atakayemiliki mti. Ninyi ni wasaidizi.

Sababu. Kwenye FamilySearch marehemu wako kwenye mti mmoja wa dunia nzima, na kila mtu anawaona. Walio hai wanafichwa: wanaonekana kwa yule aliyewaingiza. Mkimwingiza mzee aliye hai pamoja na wanawe wote kwenye akaunti yenu, kwa kawaida hakuna mwingine atakayewaona. Kijana akifungua ya kwake atajikuta yuko peke yake, hana pa kupitia hadi kwa babu wa babu. Kumbe anapaswa kujiingiza yeye, wazazi wake walio hai, na kupanda hivyohivyo mpaka amfikie marehemu wa kwanza, ambaye ndiye anayemuunganisha na mti wa wote.

Siku hii fanyeni mambo manne tu:

1. Kijana afungue akaunti kwa namba yake ya simu au barua pepe yake, na nywila aiandike mahali pake, si kwenye daftari lenu.
2. Aingize walio hai anaowajua kwa hakika.
3. Awaambie ni mzee yupi wa kuhojiwa, anaamka saa ngapi, anasikia lugha gani vizuri, na nani ana ugomvi na nani.
4. Apige simu kwa mzee kuomba miadi. Ninyi msipige. Simu ya mgeni inayouliza majina ya watoto inafanana sana na ya matapeli.

Onyo. Mtu aliye hai akiwekewa alama ya marehemu kwa bahati mbaya, taarifa zake zinakuwa wazi kwa kila mtu. Kagueni alama hiyo mara mbili kwa kila jina.

Mkifanikiwa: kijana anaweza kuwaonyesha kwenye simu yake mwenyewe mstari kutoka kwake hadi kwa mzazi au babu aliyefariki.

## Hatua ya 2 (bado Jumatatu): Andaeni kalenda ya matukio

Wazee wengi hawana tarehe ya kuzaliwa, na iliyoko kwenye kitambulisho mara nyingi ilikisiwa na karani. Msiulize "ulizaliwa mwaka gani?" Watakupeni mwaka wa kitambulisho ili kukuridhisheni. Ulizeni kwa matukio, kisha mtafute mwaka wenyewe baadaye.

Ya jumla ni haya: Vita vya Maji Maji kusini mwa Tanzania, 1905 hadi 1907. Vita ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, na mafua makubwa yaliyofuata mwishoni mwa 1918. Mpango wa karanga Kongwa na Nachingwea, 1947 hadi 1951. Hali ya hatari Kenya, 1952 hadi 1960. Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, na mafuriko ya mwaka huohuo. Uhuru wa Kenya, 12 Desemba 1963. Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964. Azimio la Arusha, 1967. Kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, katikati ya miaka ya 1970. Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Njaa ya 1984 Kenya. Mvua za El Niño, 1997 hadi 1998.

Ongezeni ya mahali penyewe: mwaka lilipojengwa kanisa au msikiti, shule ilipofunguliwa, daraja liliposombwa. Kijana atawasaidia. Na mahali penye marika ya jando yenye majina, kama kwa Wakikuyu na Wamaasai, jina la rika ni hazina: linawapa miaka ya kutahiriwa, na kutoka hapo mnarudi nyuma.

Mama akisema, "Huyu nilikuwa nimembeba mgongoni tulipohamishwa kwenda kijijini," mnajua mtoto alizaliwa si zaidi ya miaka mitatu hivi kabla. Andikeni kauli yenyewe kwa kalamu ya kwanza, makadirio kwa kalamu ya pili.

## Hatua ya 3 (Jumanne): Mahojiano

Nendeni nyumba moja. Moja tu. Fikeni asubuhi, jua halijawa kali na mzee hajachoka.

Ruhusa kwanza, na iwe ya kweli. Baada ya salamu, chai na habari za nyumbani, semeni mmetoka wapi, nani amewatuma, na majina yataenda wapi. Msifiche mawili. La kwanza: majina ya marehemu yataonekana na mtu yeyote duniani. La pili: waumini wa Kanisa hutumia majina ya jamaa zao waliofariki kwa ibada za hekaluni, kama ubatizo kwa niaba ya marehemu, na kwa mtu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, Kanisa linadai ruhusa ya ndugu wa karibu aliye hai. Familia za Kiislamu, na za Kikristo pia, zina haki ya kulisikia hilo kabla, si kuligundua baadaye. Wakisema tuandikie kwenye karatasi tu, andikeni kwenye karatasi tu. Kazi ni ileile.

Rekodini ruhusa yenyewe, mzee akitaja jina lake, mahali na tarehe. Wekeni simu inayorekodi kwenye hali ya ndege (airplane mode) ili isiite katikati.

Anzieni kwa anachokijua. Mzee mwenyewe, kisha ndugu zake, kisha wazazi wake, kisha juu zaidi. Ukianza na "mwanzilishi wa ukoo ni nani?" utapewa hadithi tamu ya safari kutoka mbali, saa mbili zitapita na hujapata jina la mama yake.

Kila mtu apewe namba palepale. Tumieni tarakimu kwa mtoto na herufi kwa mwenzi. Tuseme Babu Salehe ni 1. Mke wake wa kwanza, Mwanaidi, ni 1A. Wa pili, Zuhura, ni 1B. Watoto wa Mwanaidi ni 1A1, 1A2, 1A3. Wa Zuhura ni 1B1, 1B2. Kama 1A2 naye ana wake wawili, watoto wake ni 1A2A1, 1A2B1, na kuendelea. Mwanamke aliyeolewa mara mbili hupewa utaratibu huohuo, herufi zikiwa za waume. Mkiiona 1B2 mnajua baba yake na mama yake bila kufungua ukurasa mwingine. Kina Athumani wanne hawatachanganyika tena.

Malizeni nyumba ya mke mmoja kabla ya kuingia ya mwingine. Hapa ndipo miti mingi inaharibikia. Mzee akitaja watoto wake kumi na wanne kwa umri, mwacheni amalize, mshukuruni, halafu rudini: "Sasa mama mkubwa, aliyemzaa wa kwanza ni nani? Akafuata nani?"

Maswali yanayofaa kwa kila jina:

- Ni wa tumbo la nani?
- Aliyemtangulia na aliyemfuata ni nani?
- Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa lipi, kabla ya ubatizo, kabla ya kusilimu, kabla ya kuitwa Mama Fulani?
- Alioa au kuolewa wapi, na kwa nani?
- Yuko hai? Kama hayupo, amezikwa wapi?

Onyo kuhusu "baba" na "ndugu". Mzee akisema "baba yangu" anaweza kumaanisha baba mzazi, baba mkubwa, baba mdogo, au mwanamume aliyemlea baada ya baba kufa. Akisema "ndugu yangu" anaweza kumaanisha hata mtoto wa mama mdogo. Kila mara ulizeni: baba mmoja mama mmoja?

Jambo zito zaidi ni kurithi wajane. Kwa Wajaluo, kwa mfano, watoto waliozaliwa na mjane baada ya mume kufa huhesabiwa kuwa wa marehemu. Msibishane na mila, wala msiifute. Andikeni yote mawili, aliyezaa na anayehesabiwa kuwa baba. Mti una nafasi ya yote mawili, tutaona Alhamisi. Swali hili lisiulizwe mbele ya watu wengi.

Mapengo. Pengo la miaka minne au mitano kati ya watoto wa mama mmoja mara nyingi lina maana: mtoto aliyekufa, mimba iliyoharibika, mume aliyekwenda kufanya kazi mkongeni au vitani. Hilo ni swali la jikoni, la mwanamke kwa mwanamke, na ni swali la kuuliza mara moja. Akilia, nyamazeni naye. Akisema yaacheni, yaacheni.

Kama mzee anasimulia vizuri zaidi kwa lugha ya kwao, mwacheni aseme kwa hiyo na mjukuu atafsiri pembeni. Sauti iliyorekodiwa kwa Kichaga au Kikamba ni mali ya familia kuliko Kiswahili cha kubahatisha.

Mzee akianza kurudia majina, acheni. Saa mbili zinatosha. Zilizobaki ni za bibi.

Mkifanikiwa: hakuna jina daftarini lisilo na namba, na hakuna mtoto asiye na herufi ya mama. Kama mama hajulikani, wekeni X. X ni jibu halali. Kumbandika mtoto kwa mama mwingine ni uongo.

## Hatua ya 4 (Jumatano): Sikilizeni, choreni, tafuteni yasiyowezekana

Jambo la kwanza asubuhi ni kuhamisha rekodi kwenye kifaa cha pili. Simu huanguka, huibwa, na wajukuu hufuta mafaili.

Kisha sikilizeni pamoja, daftari mbele yenu. Mtashangaa ni mangapi mwandishi hakuyasikia. Baada ya hapo choreni mti kwa penseli kwenye manila, kutoka 1 kushuka chini.

Sasa pigeni hesabu. Mama aliyezaa akiwa na miaka 9? Kuna kizazi kimerukwa, au mnachanganya bibi na mjukuu waliopewa jina moja. Baba aliyekufa Vita ya Kwanza akiwa na mtoto aliyezaliwa mwaka wa Uhuru? Huyo ni baba wa kuhesabiwa, au ni vita nyingine. Kwa Wakikuyu hasa kuweni macho, maana mwana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, kwa hiyo majina yanajirudia kila baada ya kizazi kimoja. Ukiona Kamau wa Njoroge wa Kamau wa Njoroge, hesabu namba zako, usihesabu majina.

Andikeni orodha ya maswali ya Jumamosi. Isizidi ukurasa mmoja.

## Hatua ya 5 (Alhamisi): Kuingiza kwenye mti

Kijana awepo, au awe kwenye simu. Yeye abonyeze, ninyi msome namba na majina. Itaenda polepole. Ndivyo inavyotakiwa.

Tafuta kabla ya kuongeza. Kwa kila marehemu, anzeni kwa kutafuta. Huenda binamu aliyeko Nairobi au Muscat ameshamwingiza. Programu ikileta mtu anayefanana, linganisheni mwenzi, watoto na mahali. Jina pekee halitoshi kuunganisha watu wawili. Mombasa imejaa kina Mohamed Ali. Mkiwa na shaka, msiunganishe. Kutenganisha waliounganishwa kimakosa kunakula siku nzima.

Majina. Programu ina kisanduku cha jina la mtu na kisanduku cha jina la ukoo. Watanzania wengi hawana jina la ukoo la kudumu: Juma Athumani Salehe ni Juma, mwana wa Athumani, mwana wa Salehe. Jina lake liingie kisanduku cha kwanza. Ya baba na babu, kama alivyoyatumia mwenyewe, ya pili. Msilazimishe vizazi vyote vibebe jina moja ili mti upendeze. Mke aandikwe kwa majina ya kwao, si ya mumewe. Jina la ubatizo, la utani, la jeshini, na "Baba Rehema", yote yaende kwenye sehemu ya majina mengine. Msiyafute, maana ndiyo yatakayomtambulisha kwa mwingine anayetafuta.

Tarehe na mahali. Mwaka wa kukadiria uandikwe kama wa kukadiria. Programu ina namna yake ya kuuonyesha, ichagueni kwenye orodha inayojitokeza. Msiandike 1 Januari kwa sababu kisanduku kinaonekana kitupu. Mahali, andikeni kijiji, wilaya, mkoa au kaunti na nchi, kisha mchague kilicho karibu zaidi.

Aina ya uhusiano. Kila mstari wa mzazi na mtoto unaweza kuelezwa: wa kuzaa, wa kuasili, wa kambo, wa kulea, wa ulezi. Hapa ndipo baba mdogo aliyelea anapokaa kwa heshima yake bila kumwondoa baba mzazi. Na mtoto mmoja anaweza kuunganishwa na wazazi wa aina zaidi ya moja.

Chanzo. Kwa kila mtu andikeni nani alisema, ana undugu gani naye, wapi na lini. Sauti yenyewe, kama familia imeruhusu, ipandishwe kwenye kumbukumbu za mtu huyo ikiwa vipande vifupi. Rekodi ya saa mbili hakuna atakayeisikiliza. Dakika tatu za bibi akieleza alivyoolewa zitasikilizwa na kila mjukuu.

Mkifanikiwa: mkimfungua Salehe mnaona wake wawili, kila mmoja na watoto wake, na kila mtu ana chanzo walau kimoja.

## Hatua ya 6 (Ijumaa): Karatasi

Watu hukimbilia nyaraka za serikali, wakati karatasi nzuri zaidi ziko kwenye sanduku chini ya kitanda. Ombeni kwa upole kuona:

Mirathi. Tanzania, ombi la usimamizi wa mirathi kwenye Mahakama ya Mwanzo huambatana na muhtasari wa kikao cha ukoo, na humo warithi wametajwa. Kenya, barua ya chifu hutaja walioachwa na marehemu. Sijaona karatasi inayopanga watoto kwa mama zao vizuri kama hizi, kwa sababu kila mmoja alikuwepo kulinda fungu lake. Ila angalieni pia nani hakutajwa.

Vitabu vya parokia. Kitabu cha ubatizo cha Kikatoliki kina jina la mtoto, wazazi, wadhamini na tarehe, na pembeni huongezwa ndoa au kipaimara baadaye. Nendeni na barua, na mwaka mliokadiria. Paroko hana muda wa "zamani kidogo". Vitabu vya zamani vya misheni vinaweza kuwa na majina ya kizungu yaliyoandikwa kwa tahajia ya padre.

Nyumba za Kiislamu. Hati ya ndoa, hati ya wakfu, na kurasa za mwanzo za msahafu wa nyumbani, ambako baba alikuwa akiandika kuzaliwa kwa watoto wake kwa herufi za Kiarabu. Ombeni mwenyewe afungue.

Makaburi. Pigeni picha asubuhi mapema au jioni, mwanga ukiwa wa ubavuni, herufi zitasomeka. Msipake chaki wala kusugua kwa brashi ya waya. Na familia ikiwaambia babu alikufa akiwa mpagazi wa Vita ya Kwanza, msitumie wiki kutafuta kaburi: wapagazi wengi wa Kiafrika hawakuwekewa mawe yenye majina. Simulizi ya familia ndiyo kumbukumbu mliyonayo, iandikeni hivyo.

Karatasi ikipingana na mzee, msimsute. Wekeni vyanzo vyote viwili.

## Hatua ya 7 (Jumamosi): Rudini kusoma

Wengi huiruka hatua hii kwa sababu mti tayari unaonekana umekamilika. Rudini na manila iliyoandikwa upya kwa kalamu, ibandikeni ukutani, na someni kwa sauti, nyumba kwa nyumba, mbele ya kila aliyepo.

Mtasahihishwa. Shangazi ambaye Jumanne hakuwepo atasema, "Huyo si Hadija, Hadija ni pacha wake aliyekufa." Mdogo wake mzee atapinga mwaka. Andikeni kwa rangi tofauti kwenye manila hiyo mbele yao, kijana akirekebisha kwenye simu. Wakibishana na wasielewane, andikeni kauli zote mbili na majina ya wasemaji. Ninyi si waamuzi.

Mkifanikiwa mtaona watu wameacha kuwaangalia ninyi na wanaulizana wenyewe kwa wenyewe. Manila inabaki hapo nyumbani. Daftari pia, baada ya ninyi kulipiga picha.

Jumapili pumzikeni na kusali. Msikubali "mahojiano madogo" baada ya ibada, maana hayapo.

## Mkikwama

Mzee anachoka au anasahau. Vikao vya nusu saa, siku mbili. Ukoo huo uchukue wiki mbili. Wiki ya pili msiongeze mwingine.

Msimulizi anapanda hadi kwa mwanzilishi wa kabila. Ingizeni kwenye mti watu wenye walau mwenzi, mtoto au mahali panapojulikana. Wa juu zaidi, ambao ni majina yaliyopangwa tu, yaandikeni yote kama masimulizi na myaambatishe kwa wa mwisho mliyemthibitisha. Hayapotei, wala hayatamfunga mtu mwingine kwenye mnyororo asioweza kuukagua.

Mmekuta mengine yamefichwa. Mtoto wa nje ya ndoa, asili ya utumwa, maambukizi, kifungo. Kama mhusika au wanawe wako hai, hayaendi kwenye mti bila idhini yao. Yabaki kwenye daftari la familia, au yasiandikwe kabisa kama bibi alisema hivyo.

Mnaombwa nakala kwa ajili ya kesi ya shamba. Itatokea. Mtu anayegombania kihamba (shamba la ukoo Uchagani) au kiwanja ataona kazi yenu ni ushahidi wa bure. Msitie sahihi wala muhuri wowote, na msitoe sauti ya mzee bila yeye, au wanawe kama hayupo, kukubali. Mwelekezeni kwa mzee wa ukoo na mahakama, kisha mwambieni kijana mwenye akaunti ni nani aliyeomba na aliomba nini.